Kosa Linalosafiri na Kosa Linalotulia: Mwongozo kwa Anayeunga Vipande vya Kwilti

Umemaliza kuunga safu mbili za vipande, umezifungua, umezipiga pasi, na pale pembe nne zilipotakiwa kukutana zimepishana. Upishano wenyewe ni mdogo, milimita mbili hivi, lakini ukishauona huoni kingine. Ufumue, au usonge mbele?

Kila anayeshona kwilti hukutana na swali hili, na wengi hulijibu kwa hali ya siku hiyo: wakiwa na nguvu hufumua kila kitu, wakichoka huacha kila kitu. Njia zote mbili zina gharama. Anayefumua kila kitu hubaki na kitambaa kilichochakaa kingo kabla kazi haijafika nusu, na kwilti yake huweza kukaa kabatini miaka bila kumalizika. Anayeacha kila kitu hufika kwenye mkanda wa mwisho akakuta uso wa kwilti una matumbo, haulali sakafuni hata auvute vipi. Napendekeza upime kila kosa kwa maswali matatu, na kwa mpangilio huu huu. Je, litasafiri kwenda kwenye mishono inayofuata? Je, mshono utashika? Na mwisho kabisa, je, litaonekana, na nani, akiwa wapi? Wengi huanza na swali la tatu, ndiyo maana hufumua yasiyostahili na kuacha yanayostahili.

Kwa asiyeizoea kazi hii, kwilti ni tandiko la tabaka tatu: uso wa vipande vilivyoungwa, ujazo wa pamba au sufi ya kiwandani katikati, na mgongo wa kitambaa kizima, zote zikishikanishwa kwa mishono inayopita tabaka zote. Hapa nazungumzia hatua ya kwanza tu, ya kuunga vipande vya uso. Mitindo mingi inayofuatwa leo imetoka Marekani, kwa hiyo vipimo ni vya inchi, na hilo halimsumbui fundi wa kwetu anayepima kiuno na bega kwa inchi kila siku. Kitakachomsumbua ni nafasi ya mshono. Fundi wa nguo huacha nafasi ya kutosha ili gauni liweze kuongezwa mwenye nguo akinenepa. Kwenye kwilti unaacha robo inchi, milimita sita na kidogo, na hakuna cha kuongeza baadaye.

Anza na hesabu

Tuseme kila mshono wako umezidi ile robo inchi kwa sehemu moja ya 32 ya inchi, kiasi kisichofika hata milimita moja. Kwa mshono mmoja si kitu. Lakini mshono unakula kutoka vipande viwili, kwa hiyo safu inapungua mara mbili ya hapo, milimita moja na nusu hivi. Safu ya miraba 16 ina mishono 15. Ukifika mwisho umepoteza karibu inchi nzima, na katika safu yote hiyo hakuna mahali ambapo ungeweka kidole ukasema kosa liko hapa.

Ajabu ni kwamba, kama kwilti nzima ni miraba ya aina moja, hasara hiyo haina madhara. Safu zote zimepungua sawasawa, zitakutana vizuri, na kwilti itatoka ndogo kwa inchi moja, basi. Taabu huanza pale kipande chenye mishono mingi kinapokutana na kipande kisicho na mshono. Chukua bloku ya miraba tisa, ile ambayo wengi huanza nayo: miraba ya inchi mbili na nusu, mitatu kwa mitatu. Ikiungwa barabara inatoka inchi sita na nusu. Kwa kawaida hupangwa kwa zamu na miraba mitupu iliyokatwa inchi sita na nusu. Mishono yako ikiwa imezidi kwa ile 1/32, bloku inatoka na upungufu wa moja ya nane ya inchi, yaani milimita tatu, na kila makutano ya kwilti hiyo yatagombana. Utajilaumu kwamba hujui kulinganisha pembe, kumbe ugonjwa uko kwenye upana wa mshono.

Kwa hiyo, mshono unaokosea kwa kiasi kilekile siku zote unasameheka kuliko ule ulio sahihi leo na mpana kesho. Kabla hujakata kitambaa cha kwilti yenyewe, fanya jaribio hili. Kata vipande vitatu virefu vya upana wa inchi moja na nusu, viunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha pima kile cha katikati. Kutoka mshono hadi mshono kinatakiwa kuwa inchi moja kamili. Kikipungua, mshono wako ni mpana; kikizidi, ni mwembamba. Wengi hukuta kimepungua ingawa wameshona robo inchi bila kukosea, kwa sababu kitambaa kinapolazwa upande mmoja wa mshono, mkunjo wenyewe nao unakula kidogo. Dawa ni kushona ndani ya robo inchi kwa upana wa uzi mmoja au miwili, kisha kurudia jaribio mpaka inchi itimie.

Usiuamini mguu wa cherehani mpaka uupime. Cherehani nyingi zilizoko majumbani, hasa zile nyeusi za kukanyaga, zilikusudiwa kushonea nguo, na si lazima ukingo wa mguu uwe robo inchi kutoka sindanoni. Weka rula chini ya sindano, ishushe sindano kwa mkono taratibu mpaka ncha iguse alama ya robo inchi kutoka ukingo wa kulia wa rula, kisha bandika kipande cha kadi ngumu kando ya ukingo huo, mbele ya mguu. Kitambaa kikiteleza kwa kuiegemea kadi, mshono hauna pa kupotelea. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna nyingine katika mwongozo huu itakayokupunguzia kufumua kwa kiasi hicho.

Kosa la pili linalosafiri ni la hanamu. Kitambaa kilichokatwa kwa kufuata nyuzi za mtande au za mshindio hakivutiki sana. Kilichokatwa mshazari huvutika kwa kugusa tu. Kila pembetatu ina upande mmoja walau ulio hanamu. Ukipitisha pasi huku na huku unavyonyoosha shati, upande huo unarefuka na bloku inaota tumbo. Bonyeza pasi, inua, sogeza, bonyeza tena. Mvuke uuache mpaka bloku iwe imezungukwa na vipande vingine pande zote. Na upande wa hanamu ukishavutika, kufumua hakutaurudisha, hivyo usijibembeleze. Kata kipande kipya.

Unaweza pia kujikinga mapema kwa kushona vikubwa kisha kupunguza. Mfano ni mraba ulioundwa na pembetatu mbili. Ukitaka utoke inchi mbili baada ya kuungwa pande zote, hesabu kamili inataka ukate miraba ya inchi mbili na saba ya nane. Kata ya inchi tatu. Laza miwili uso kwa uso, chora mstari kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari. Ukifungua una miraba miwili iliyozidi kidogo. Lalisha mstari wa nyuzi 45 wa rula juu ya mshono na upunguze mpaka inchi mbili na nusu. Unapoteza ukanda mwembamba wa kitambaa na kupata uhakika. Lakini bloku iliyokamilika yenye ncha zinazokaribia ukingo usiipunguze kamwe, hata kama imezidi kuliko zenzake. Ile robo inchi iliyo nje ya ncha ndiyo itakayoliwa na mshono unaofuata, na ukiikata, ncha zote zitamezwa.

Bloku zikitofautiana kwa moja ya nane ya inchi, usifumue. Bana pini mwanzo, mwisho na katikati, weka ile ndefu chini, na meno ya cherehani yataisukuma mbele taratibu mpaka ziada imezwe na mshono. Kwa bloku ya inchi 12 ya kitambaa laini, hata robo inchi inamezeka. Zaidi ya hapo utashona mikunjo, na mikunjo haifichiki. Hapo rudi ndani ya bloku utafute mshono uliozidi.

Halafu mkanda wa pembeni, ambapo kwilti nyingi nzuri huharibikia dakika za mwisho. Usishone mkanda mrefu ukingoni kisha ukakata kinachobaki. Kingo za kwilti zimeshikwa, zimevutwa, na mishono yake ya mwisho imelegea, kwa hiyo mara nyingi zimekuwa ndefu kuliko katikati, na mkanda unaozifuata utapigapiga mawimbi. Pima kwilti ikiwa imelala, ukipita katikati yake. Kata mikanda miwili ya mkabala kwa kipimo hicho kimoja, kisha lazimisha kingo ziingie kwenye mkanda kwa pini nyingi. Pima pia kona hadi kona pande zote mbili. Tofauti ya nusu inchi kwenye kwilti ya kitanda kikubwa isikusumbue. Ikifika inchi mbili, kuna safu iliyopinda, na ni afadhali kuitafuta sasa kabla tabaka tatu hazijashikanishwa.

Mshono utashika?

Hapa hakuna mjadala mrefu. Geuza kila bloku ukague upande wa nyuma. Popote ambapo kitambaa kilichobaki nje ya mshono ni chembamba kuliko moja ya nane ya inchi, fumua na urudie, hata kama upande wa mbele unapendeza. Nyuzi zitachomoka ndani ya miezi michache ya kufuliwa, na tundu litatokea ambalo huwezi kuliziba bila kiraka. Kwa kitambaa kilichofumwa kwa ulegevu uwe mkali zaidi. Shika mshono kwa vidole gumba viwili na uvute kidogo: ukiona nyuzi za mshono zikichungulia kwa mbele, kaza uzi wa cherehani au fupisha hatua mpaka kati ya milimita mbili na mbili na nusu. Kwilti ya mtoto, itakayofuliwa kila wiki, isiachiwe hata mshono mmoja wa mashaka.

Jicho la nani?

Sasa tumefikia makosa yanayowanyima watu usingizi, na ambayo yana haki ndogo kuliko yote ya kufumuliwa: pembe zilizopishana, ncha zilizomezwa, mstari uliopinda kidogo. Haya hayasafiri. Yakishatokea hukaa palepale.

Si kwamba hayana kinga. Pembe zilizopishana hupungua sana ukipiga pasi kwa akili. Mishono ya safu ya kwanza ilazwe kushoto, ya safu ya pili ilazwe kulia. Ukiweka safu mbili uso kwa uso na kusugua makutano kati ya kidole gumba na cha shahada, utasikia vituta viwili vikitafutana, kisha kimoja kikazama nyuma ya kingine na kusimama. Ukibonyeza tena hapasogei. Choma pini hapo hapo, kidogo nje ya njia ya sindano, na ushone bila kuvuta. Ukiacha vituta hivyo vyote vikilala upande mmoja, kimoja kinakipanda kingine na mguu wa cherehani unakisukuma pembeni, halafu unapata zile milimita mbili tulizoanza nazo.

Zikitokea pamoja na yote hayo, hiki ndicho kipimo changu. Upishano usiozidi moja ya kumi na sita ya inchi uuache, popote ulipo. Kati ya hapo na moja ya nane, tazama rangi. Vitambaa vya rangi moja vinavyopingana, kama cheupe na cheusi, au njano tupu na bluu tupu, huonyesha kila kitu, na hapo naweza kufumua kama makutano yako katikati ya kwilti. Vitambaa vyenye maua na michoro huficha. Zaidi ya moja ya nane, fumua mara moja ujaribu tena.

Vipande vya vitenge vina neema yake katika jambo hili, maana michoro mikubwa na rangi nyingi humeza upishano ambao kwenye kitambaa kitupu ungepiga kelele. Lakini vina mtego wake pia. Mistari iliyochapwa mara nyingi haiendi sambamba na nyuzi za kitambaa. Ukikata kwa kufuata mchoro, kingo zinakuwa hanamu kidogo. Ukikata kwa kufuata nyuzi, mchoro unaonekana umeinama. Kwa vipande vidogo fuata mchoro, kwa kuwa jicho litauona na hanamu hiyo ndogo mshono utaidhibiti. Kwa mikanda mirefu ya pembeni fuata nyuzi, kwa sababu huko mvutiko husafiri. Na vifue vyote kwanza, vitoke wanga na rangi ya ziada, ili visipungue wala kuchujia rangi ndani ya kwilti iliyokwisha.

Kuhusu ncha za pembetatu, linganisha na jirani zake. Ncha moja iliyomezwa kati ya ncha 40 kali itavuta jicho. Ncha zote 40 zikiwa butu kwa kiasi kilekile hazimwambii mtu lolote, zinaonekana kama mtindo. Kwa hiyo kabla ya kufumua ile moja, geuza bloku nyingine kumi uone zilivyo. Pengine umeshaamua bila kujua kwamba ncha za kwilti hii ni butu.

Halafu umbali. Anayeshona hutazama kazi yake kwa sentimita thelathini, chini ya taa, akiwa ameinama. Hakuna mwingine atakayeitazama hivyo. Washonaji wa Marekani wana msemo wa zamani wa kuuliza kama kosa lingeonekana na mtu aliyepanda farasi anayekwenda mbio, na ingawa husemwa kwa kicheko, ndani yake kuna utaratibu unaofaa: bandika bloku ukutani, rudi nyuma hatua nne au tano, geuka ukaangalie dirishani, kisha itazame ghafla. Jicho likienda moja kwa moja kwenye kosa, lishughulikie. Ikikubidi kulitafuta, liache. Fanya hivi asubuhi. Uamuzi wa saa nne za usiku, macho yamechoka, huwa mkali kupita haki au mlegevu kupita kiasi.

Anayetaka kuona uhuru huu unaweza kufika wapi aangalie kwilti za Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya Mto Alabama, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama. Wakazi wake wengi ni uzao wa Waafrika waliofanywa watumwa kwenye shamba la pamba la familia ya Pettway, na wengi wanabeba jina hilo hadi leo. Kwilti za huko zilishonwa ili watu wasife baridi katika nyumba za mbao zenye nyufa, kwa nguo za kazi zilizochakaa, magunia na mabaki ya aina zote. Mwaka 1942 Missouri Pettway, akiwa amefiwa na mumewe, alichukua nguo za kazi za marehemu akazifanya kwilti ya kujifunikia na kumkumbuka. Mikanda yake haina upana mmoja. Bluu imepauka hapa na kukolea pale, kulingana na sehemu ya nguo iliyokuwa juani na iliyokuwa imefunikwa. Katika kwilti nyingi za aina hiyo unaweza kuona mahali palipokuwa na mfuko: mstatili wa rangi iliyokolea, mfuko wenyewe haupo. Mwaka 2002 kwilti za Gee's Bend zilionyeshwa kwenye Museum of Fine Arts ya Houston, kisha Whitney Museum ya New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazichapa kwenye stempu.

Wapo wanaozitazama wakahitimisha kwamba wanawake wale hawakujali usahihi au hawakuuweza. Historia inawakanusha. Mwaka 1966, katika vuguvugu la haki za raia, wanawake wa eneo hilo hilo walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee, ukauza kwilti kwa maduka makubwa kama Bloomingdale's, na maduka hayo yalidai bloku zinazofanana na vipimo visivyoyumba. Wakavitoa. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba wa kuishonea Sears foronya za kodrai, na mabaki ya kodrai yakaenda nyumbani yakawa kwilti za mikanda mipana, kwa sababu kitambaa kile ni kinene na kinavutika, hakikubali vipande vidogo vya kulinganisha ncha. Mikono ilikuwa ile ile. Kazi ya oda ilikuwa na kipimo chake, ya nyumbani na chake. Na ukikagua zile za nyumbani kwa maswali yetu mawili ya kwanza, utakuta mshonaji amejibu: mstari ukienda upande, anaongeza kipande au kukata ziada hapo hapo, safu inayofuata inaanza ikiwa imenyooka kiasi cha kushonwa. Kosa halikuachwa lisafiri.

Kwilti ya kumbukumbu ya waliofariki kwa UKIMWI, iliyoanzia San Francisco, ilikwenda mbali zaidi katika kupanga nini kilazimishwe na nini kiachwe. Ilipotandazwa mara ya kwanza katika National Mall mjini Washington mwezi Oktoba 1987 ilikuwa na paneli 1,920, nyingi zikiwa kazi ya wazazi, wapenzi na marafiki ambao hawakuwahi kushika sindano. Sharti la vipimo lilikuwa moja: kila paneli iwe futi tatu kwa sita, ili nane ziungane kuwa mraba wa futi 12. Ndani ya kipimo hicho mtu aliweka alichoweza: herufi za kukata kwa mkasi, suruali ya jinzi, barua, mwanasesere. Kosa la ndani lilikuwa la paneli hiyo peke yake, ila paneli yenye ukubwa usiofaa ingeharibu mraba mzima. Ukishona kwilti ya kikundi, ya harusi au ya kanisa, ambapo kila mtu analeta bloku yake, fuata utaratibu huo huo. Toa kipimo kimoja cha nje, waambie wote wakate kwa ziada ya nusu inchi, upunguze mwenyewe ukiwa na rula moja, na ya ndani waachie.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana kwamba Waamishi wa Marekani hutia kosa moja makusudi katika kila kwilti, kwa kuwa Mungu peke yake ndiye mkamilifu. Watafiti wa historia ya kwilti wameitilia shaka sana, na ukitazama kwilti zao za kale za Lancaster huko Pennsylvania, unaona kazi ya watu waliojitahidi kufanya vizuri kadiri walivyoweza. Usitie kosa makusudi, wala usitumie hadithi hiyo kuhalalisha mshono ambao hautashika.

Kama kwilti inakwenda mashindanoni, Houston au Paducah au kwenye maonyesho ya mji wako, vipimo vya sehemu hii ya tatu havikuhusu. Majaji wanatazama kwa karibu, wanakagua ncha, makutano, kingo zilizonyooka, na ndivyo wanavyopaswa. Amua kabla ya kukata kitambaa kwamba hii ni kwilti ya mashindano, chagua mfano unaoumudu, na ujipe muda. Kupandisha kipimo katikati ya kazi ndiko kunakowafanya watu wafumue safu zote walizokwisha kuunga.

Unapofumua

Kata hatua moja kila baada ya tatu au nne upande mmoja wa mshono, geuza, na uvute uzi wa upande wa pili. Utatoka mzima na kitambaa hakitaumia. Usikichane kwa kukivuta vipande viwili, hasa penye hanamu. Fumua urefu unaohitajika tu: makutano yaliyopishana yanarekebishwa kwa kufumua inchi moja kila upande, huna haja ya kufumua safu. Mshono mmoja ufumue mara mbili, si zaidi. Mara ya tatu kingo zimeshachakaa na nafasi ya mshono imepungua, hivyo unabadilisha kosa la jicho kuwa kosa la uimara. Hapo ama ukate kipande kipya, ama uendelee.

Kumbuka pia yanayokuja mbele. Mishono ya kushikanisha tabaka tatu hutupa vivuli vidogo uso mzima, na ujazo wa pamba ukifuliwa mara ya kwanza hujikunyata kidogo na kuleta mikunjo laini kila mahali. Upishano wa milimita mbili huzama humo. Matumbo ya bloku hayazami yote: madogo hukazwa na mishono, makubwa hukunjika na kushonewa ndani, yakabaki yakionekana milele.

Kwilti ikishakamilika, ifue mwenyewe kabla ya kuitandika au kumpa mtu, kwa maji baridi na sabuni kidogo, na uianike kivulini ikiwa imelala juu ya kamba mbili au tatu, kwani ikining'inia kwenye moja uzito wa maji utaivuta. Ikiwa bado na unyevu kidogo, itandaze ipimwe tena kona hadi kona na uinyooshe kwa mikono. Ikikauka, iinue dhidi ya dirisha, upitie safu kwa safu ukitafuta mwanga unaopenya kwenye mishono. Penye mwanga, piga pini ya alama, kisha ziba kwa mkono, kwa uzi unaolingana na kitambaa cheusi zaidi kati ya viwili, ukichoma sindano ndani ya mkunjo wa upande mmoja na kutokea ndani ya mkunjo wa upande wa pili, hatua fupi fupi, kuanzia nusu inchi kabla ya tundu mpaka nusu inchi baada yake.